Waliobaki Mabanga

Tangazo lilipita redioni asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka. Mitaa ya katikati ya Goma ihame mara moja. Watu waelekee Sake, au wavuke mpaka wa Rwanda, maana baada ya mlima wa volkano kulipuka Jumamosi, moto wake ulikuwa umejipenyeza chini ya mji mpaka chini ya ziwa, na hakuna aliyejua ungetokea wapi. Mtaa wao wa Mabanga ulitajwa.

Bienvenu alipunguza sauti ya redio akamgeukia mke wake.

"Sema basi," akamwambia. "Weye njo unasoma hii mambo."

Eugénie Umuhire alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya sayansi, teknolojia na jamii. Nyumbani kila mtu alikuwa na jina lake la somo hilo. Bienvenu, aliyechomelea milango ya chuma karibu na soko, aliliita "masomo ya maswali." Mama yake Bienvenu aliliita "kutembea." Majirani walimwita Eugénie "madame Volcan," kwa sababu mwaka mzima alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwauliza onyo la mlima linawafikia vipi, na likiwafikia wanafanya nini. Sasa majirani walewale walikuwa wamesimama mlangoni. Walikuja kudai jibu.

Mbele yao alikuwa Sikuli, msukuma chukudu wa nyumba ya pili, mikono yake bado juu ya usukani wa kigari hicho cha mbao cha kubebea mizigo.

"Madame, tukimbie ao tubakie?"

"Papa Sikuli, mimi sisomi mulima. Ninasoma namna habari ya mulima inafikia watu."

"Njo imetufikia. Sasa?"

Watu walicheka kidogo, kicheko cha hofu. Eugénie alivuta pumzi. Angeweza kusema ndiyo, angeweza kusema hapana, na yote mawili yangewaridhisha kuliko ukweli.

"Sijui kama utapasuka tena," alisema. "Hata wale wenye kupima hawajui. Wanasema inaweza. Mimi niko na mutoto, nitamutoa."

"Inaweza!" Bienvenu alisema. "Miaka yote unaenda ku université, na leo neno unatuletea ni 'inaweza'?"

Ardhi ikatikisika. Sufuria ziligongana jikoni, na ufa uliokuwa ukutani tangu Jumamosi ukashuka mpaka chini. Hakuna aliyengoja maelezo zaidi. Sikuli aligeuza chukudu yake kwenda kupakia watoto na magodoro, na barabara ikaanza kujaa watu.

*

Bibi Pascasie Mukabalisa alikuwa ameketi kitandani, miguu yake iliyovimba ikining'inia bila kugusa sakafu.

"Mimi siendi," alisema kabla hajaulizwa.

"Mama, umesikia redio?" Bienvenu alipiga magoti mbele yake.

"Nimesikia. Siko kiziwi."

"Basi juu ya nini?"

"Siendi ku ile barabara ya Sake."

"Tuvuke mupaka basi."

"Bienvenu. Nimekuzaa mimi. Usinibebe kama gunia la makaa."

Alimbembeleza, akapandisha sauti, akaomba msamaha kwa kupandisha sauti. Mama yake alitazama ukuta. Nje pikipiki zilikuwa zimekwisha, na zile chache zilizopita zilitaja bei ambayo siku nyingine ingekufikisha Butembo. Gisubizo, binti yao wa miaka sita, alikuwa amekwisha kuvaa viatu na begi la shule mgongoni, akifikiri wanaenda mahali pazuri.

"Mimi nitabakia naye," Bienvenu alisema. "Weye chukua mutoto."

Eugénie alitikisa kichwa. Bibi Pascasie hakuweza kufika chooni bila kushikwa, na kila asubuhi alioshwa. Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Bienvenu alilijua hilo. Na kutoka Mabanga mpaka Sake ni mwendo wa siku kwa mguu. Gisubizo angechoka njiani, na mgongo wa Bienvenu ndio ungeweza kumbeba.

"Ni mimi nitabakia," alisema. "Enda. Umupe maji yaliyochemushwa tu. Usimuachilie mukono."

Alimfunga mtoto kitambaa kichwani, akakifungua, akakifunga tena. Gisubizo akauliza kwa nini mama haji. Bienvenu akamwinua mabegani wakaingia katika mto wa watu.

Eugénie alisimama mlangoni mpaka kile kitambaa kikapotea. Mama mmoja aliyepita na godoro kichwani alimwona pale, amesimama bila mzigo, akaita wenzake.

"Mumuone huyu! Ametufukuza sisi, yeye anabakia. Anangoja manyumba zetu."

Sikuli alikuwa karibu, akisukuma watoto wake juu ya chukudu. Alisikia. Eugénie alimtazama akitumaini angesema neno. Sikuli aliinamisha kichwa akasukuma.

*

Mabanga tupu ilikuwa na sauti zake. Mbwa walizunguka bila kubweka. Mabati yalilia kila ardhi ilipotikisika. Eugénie alifagia vumbi jeusi uani, akapika uji kwa makaa yaliyobaki, akamwosha mama mkwe wake na kumpaka mafuta miguuni. Hawakuwa wamewahi kukaa peke yao kwa muda mrefu hivyo. Siku za kawaida kulikuwa na Bienvenu kati yao, au mtoto, au kelele za jirani.

Siku ya pili mtandao ulirudi kidogo, na ujumbe ukaingia kutoka kwa profesa Hitimana, msimamizi wa tasnifu yake, au mémoire kama walivyoiita chuoni, aliyekuwa amekimbilia Bukavu. Aliwaombea usalama. Kisha akaandika kwamba hii ilikuwa nafasi ambayo mtafiti huipata mara moja maishani: kama kuna watu waliokataa kuhama, awahoji sasa hivi, kabla hawajabuni sababu nyingine.

Eugénie alisoma ujumbe huo mara mbili. Katika mpango wa tasnifu, Hitimana alikuwa amemshauri agawe watu makundi matatu: waliohama kwa onyo la wataalamu, waliohama kwa kuona wengine wanahama, na waliokataa kwa sababu ya imani au kutojua. Aligeuka akamtazama mtu wa kundi la tatu, ambaye alikuwa akichambua maharage na kuyatupa nje yaliyotobolewa.

"Mama," alisema, "juu ya nini ulikataa?"

"Unaniuliza weye, ao ni ile karatasi yako inaniuliza?"

Eugénie aliona aibu. Alizima kioo cha simu na kuiweka chini ya mto.

"Ni mimi."

Bibi Pascasie aliendelea na maharage. "Ile masomo yako, inasema nini juu ya watu kama mimi?"

"Inasema... labda hamukuamini wataalamu. Ao munafikiri ni mambo ya Mungu tu."

"Eh." Alicheka bila furaha. "Mukwe wangu, wale wote waliniambia nikimbie, hakuna hata mumoja alinidanganya. Walisema vita inakuja ku Masisi, ikakuja. Walisema moto unashuka, mwaka ule wa kwanza, ukashuka, ukakula nyumba yangu. Mimi naamini kabisa. Hata hii ya leo naamini."

"Basi mama?"

"Basi nini? Unafikiri ni uongo tu njo inaumiza mutu?"

Hakusema zaidi. Aliomba maji ya kuosha maharage, na ardhi ikatikisika, na wote wawili wakashika sufuria ile ile isimwagike.

*

Simu ya Bienvenu ilikuja asubuhi iliyofuata. Sauti ilikatika, ikarudi. Walikuwa wamelala chini katika darasa moja la shule ya Sake, pamoja na watu wasiohesabika. Maji aliyobeba yaliisha njiani. Watu walikuwa wanachota ziwani.

"Gisubizo anahara," alisema. "Na anatapika. Eugénie, hana hata nguvu ya kulia."

"Umupeleke kwa munganga, ku centre de santé!"

"Niko ku mustari tangu jana."

Simu ikakatika. Eugénie alikaa chini, palepale jikoni, katikati ya majivu. Alifikiri: nikitoka sasa, nitafika jioni. Kisha alifikiri: na huyu? Nani atampa maji? Hakuwahi kumchukia mama mkwe wake kama wakati ule, na hakuwahi kujichukia hivyo kwa sababu ya kumchukia mtu.

"Ni nini?" Bibi Pascasie aliita kutoka chumbani.

Eugénie alimwambia. Kisha kitanda kililia, na Bibi Pascasie akatokea mlangoni, amesimama peke yake, mikono yote miwili imeshika miimo.

"Nipatie kitenge yangu," alisema. "Na sukari. Na chumvi. Tunaenda."

"Mama, miguu yako..."

"Si nimesimama? Tafuta mutu wa kunisukuma."

Mtu alipatikana mahali ambapo Eugénie hakumtegemea. Sikuli alikuwa amerudi asubuhi hiyo, baada ya kufikisha watoto wake kwa shemeji huko Katoyi, ili aangalie nyumba yake. Maneno ya yule mama wa godoro yalikuwa yamemkaa kichwani. Alikuta kufuli yake mlangoni kama alivyoiacha. Aliposikia sauti ya Eugénie nyuma yake, hakuweza kumtazama moja kwa moja.

"Papa Sikuli, mutoto wangu anakufa ku Sake, na mama hawezi kutembea."

"Leta gunia," Sikuli alijibu. "Tuweke chini yake, mbao ni ngumu."

*

Walimkalisha Bibi Pascasie juu ya chukudu, mgongo wake ukiegemea usukani, na Eugénie akashika upande mmoja asianguke. Barabara ilikuwa na nyufa ambazo ungeweza kuingiza mkono. Watu wengi walikuwa bado wanakwenda magharibi. Wachache walikuwa wanarudi, wamechoka, wakisema huko hakuna chakula. Kwenye miteremko Sikuli alivuta nyuma kwa uzito wake wote. Kwenye milima Eugénie alisukuma naye. Bibi Pascasie hakulalamika. Alikuwa ameshika kifuko cha sukari kifuani kama mtu anayebeba kifaranga.

Walipofika Lac Vert aliinua mkono.

"Simameni."

Sikuli akasimama, akidhani anataka kushuka kwenda haja. Bibi Pascasie alitazama upande wa kushoto, ambapo mawe meusi ya lava ya zamani yalikuwa yamefunikwa na magugu na nyumba za mbao.

"Ni hapa," alisema. "Tulitoka Masisi, ile vita ya kwanza. Bienvenu alikuwa anatembea mwenyewe, alikuwa na akili. Mudogo wake nilimubeba mugongoni. Aliugua kama vile Gisubizo anaugua. Watu walikuwa wananiambia, mama, usisimame, wanakuja nyuma. Na kweli walikuwa wanakuja. Nikaendelea kutembea. Wakati nilimushusha, alikuwa amekwisha kuwa baridi, na mimi sikujua ni tangu wapi. Labda nilitembea na yeye mufu mugongoni tangu Sake. Sijui. Hapa hakuna udongo. Tulimufunika na majiwe."

Eugénie alifunika mdomo kwa mkono. Miaka saba alikuwa ameishi katika nyumba ile, na Bienvenu hakuwahi kumwambia kwamba alikuwa na mdogo.

"Jina yake ilikuwa nani, mama?"

"Igiraneza." Alilitamka polepole. "Hakuna mutu aliniuliza tena."

Sikuli alivua kofia yake. Eugénie alitaka kumsaidia ashuke, asogee karibu, aombe. Lakini Bibi Pascasie alipiga ubao kwa kiganja.

"Twende. Yule amekwisha kufa. Huyu bado."

*

Walimkuta Gisubizo amelala kwenye veranda ya shule, kichwa chake juu ya begi lake, midomo imepasuka. Bienvenu alikuwa amekaa karibu naye akimpungia nzi. Alipomwona mama yake akishushwa kwenye chukudu alisimama, machozi yakaanza kumtoka.

"Kuni," Bibi Pascasie alimwambia. "Baadaye utalia."

Alichemsha maji, akayapoza kwa kuyamimina kutoka kikombe hadi kikombe, akaweka sukari na chumvi kidogo, akaonja. Kisha akamweka mtoto kwenye mapaja yake na kuanza: kijiko, kungoja, kijiko. Gisubizo alitapika. Akaanza upya. Eugénie alipotaka kumpokea alikataa. Alikuwa akimtazama mtoto usoni bila kupepesa, na kila mara alimgusa shingo kwa nyuma ya kidole, akitafuta joto. Kulipopambazuka Gisubizo alikuwa ameacha kutapika. Wauguzi walipofikia zamu yao, yule aliyempima mtoto alisema wamemwahi.

Mlima haukulipuka tena. Siku chache baadaye serikali ilianza kuwarudisha watu, na jamaa hii ilirudi Mabanga pamoja na wengine, juu ya lori la mchanga. Kuna waliokuta nyumba zao zimevunjwa na wezi. Katika avenue yao hakuna aliyepoteza kitu, lakini hakuna aliyemwomba Eugénie msamaha pia. Sikuli ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu aliyoyaona, na polepole akina mama wakaanza kumwamkia tena bombani.

Yeye mwenyewe alifunga vitabu vyake katika mfuko na kuuweka juu ya kabati.

"Utamaliza lini?" Bienvenu alimuuliza siku moja.

"Nimemaliza."

"Mémoire haijaandikwa."

"Uliniambia neno langu ni 'inaweza' tu. Ulisema kweli. Neno hiyo ilifanya nini? Karibu iniulie mutoto ku Sake."

Bienvenu alifuta mikono yake yenye masizi. "Nilikuwa naogopa," alisema. "Nilitaka mutu mwingine aseme, ili kama ikiharibika iwe yake." Kisha akaushusha ule mfuko, akaupiga vumbi, akauweka mezani.

*

Profesa Hitimana alisoma sura ya nne akiwa amevaa miwani kwenye ncha ya pua. Ofisi yake ilikuwa na ufa ukutani, kama ofisi zote.

"Umevunja kundi la tatu," alisema.

"Ndiyo, profesa. Hakukuwa na kundi la wasiojua. Wote niliowahoji walijua. Kuna aliyebaki kwa sababu ya mgonjwa, kuna aliyebaki kwa sababu mara ya mwisho alipokimbia alirudi akakuta hana kitu. Na kuna aliyebaki kwa sababu kukimbia kulikwisha kumgharimu."

"Watahini wa jury watakuuliza: sasa sayansi ipo wapi hapa?"

"Nitawaambia tulipima mlima, hatukupima barabara. Tunamwambia mtu hatari iko nyuma yake. Hatumwambii tunajua nini kuhusu ile iliyo mbele."

Hitimana alikuwa mtu mwema aliyechoka, na aliikumbuka ile meseji yake kutoka Bukavu. Alisema sura ibaki. Ila majina ya waliohojiwa yafichwe, yote. Hiyo ilikuwa kanuni ya utafiti, wala hakuwa na ruhusa ya kuilegeza.

Siku ya kutetea iliahirishwa tena na tena. Waasi walishuka kutoka Rutshuru, wakakata barabara ya kaskazini, kisha vita ikageukia milima ya Masisi. Watu wa huko waliteremka na mbuzi wao na sufuria zao, na pale Lac Vert, juu ya mawe meusi, vibanda vya maturubai vilisimama vimegusana. Bibi Pascasie alisikia habari hiyo kwa Sikuli, aliyekuwa akisukuma kuni huko.

"Wanalala juu yake," alisema tu.

Mwishowe tarehe ilishika. Ukumbi ulikuwa mdogo, na mizinga ilisikika kwa mbali kama mtu anayeburuta meza ghorofani. Bienvenu alivaa koti la kuazima. Gisubizo, aliyekuwa amekuwa mrefu, alimkalisha nyanya yake katika mstari wa nyuma.

Eugénie alitetea kwa Kifaransa. Walimuuliza kuhusu mbinu zake, akajibu. Walimuuliza kama kazi yake haikuwa inawapa watu sababu ya kudharau wataalamu, akajibu hilo pia, bila haraka. Mwenyekiti wa jury, mzee mwenye mvi aliyetoka chuo kingine, alifungua ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa tabaruku, ambao kanuni ya kuficha majina haikuugusa.

"Swali la mwisho," alisema, na hapo akaacha Kifaransa. "Hapa umeandika: kwa Igiraneza. Hakuna kitu kingine. Ni nani? Ni mufadhili wako?"

Eugénie alianza kujibu. Lakini nyuma ya ukumbi kiti kilisogea. Bibi Pascasie alikuwa amesimama, ameshika bega la mjukuu wake.

"Ni mutoto wangu," alisema.

Watu waligeuka. Bienvenu aliinama, uso wake mikononi.

Mwenyekiti alivua miwani. Hakumwambia akae. "Alikuwa na umri gani, mama?"

"Alikuwa anaanza tu kutembea. Alikuwa anashika ukuta, hivi." Aliachia bega la Gisubizo, akanyosha mkono hewani, akionyesha kimo cha ukuta ule.

"Mutuambie," mwenyekiti alisema, akafunga kitabu. "Tunasikiliza."

Na Bibi Pascasie, akiwa bado amesimama, akaanza kuwaelezea mtoto huyo: alivyocheka, alivyopenda maziwa ya moto, alivyokataa kulala mpaka aimbiwe.